Chumba kidogo ughaibuni: tuliyoambiwa na tuliyoyakuta

Anayejiandaa kwenda kusoma nje hapungukiwi washauri. Tatizo ni kwamba wengi wao hawajawahi kulala kwenye chumba cha mita 10 za mraba, kitanda kimebanana na meza, dirisha moja linatazama ukuta wa jirani. Mimi nilikaa kwenye chumba cha namna hiyo kwa miaka 2.

"Wakati wa baridi funga dirisha, usiliguse mpaka majira yabadilike."

Huu ndio ushauri ulionigharimu kuliko yote, kwa hiyo nitautolea maelezo marefu. Miezi ya mwanzo niliutii kabisa. Asubuhi kioo kilikuwa kinachuruzika maji, nayafuta kwa taulo, naenda darasani. Nguo nikizifua naanika juu ya hita. Siku moja nikavuta koti lililokuwa nyuma kabisa ya kabati, nikakuta limeota manyoya meupe mgongoni, na ukuta ule una madoa meusi yanayonuka kama gunia lililolowa. Nikadhani bomba limepasuka. Bomba lilikuwa zima. Maji yote yale niliyaleta mwenyewe.

Mtu akilala hutoa mvuke kwa pumzi na kwa ngozi, kiasi cha glasi moja hivi kwa usiku. Nguo za mashine moja zikikaukia ndani zinaweza kuachia hata lita 2. Kwenye nyumba kubwa mvuke huo hutawanyika. Kwenye chumba kidogo hauna pa kwenda. Unatafuta palipo na baridi zaidi na hapo hapo unageuka maji: kwenye kioo, kwenye pembe za ukuta wa nje, na nyuma ya kabati lililogandamizwa ukutani ambako hewa haipiti. Ukungu, yaani yale manyoya na madoa niliyoyakuta, nao hautaki zaidi ya hapo.

Kinachosaidia ni kufungua dirisha lote, si upenyo, kwa dakika 5 hadi 10, mara 2 au 3 kwa siku, kisha ufunge. Joto halikimbii kama unavyoogopa, maana sehemu kubwa imo kwenye kuta na samani, wala si kwenye hewa. Hewa ya nje ikiwa ya baridi huwa imebeba mvuke kidogo, na ikishapashwa ndani inakuwa kavu. Ukiacha upenyo siku nzima ndipo unapopoza ukuta bure. Kabati nalo lisogeze, lipishane na ukuta kwa upana wa kiganja.

Wapo pia wanaozima hita kabisa ili kubana matumizi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu makazi, linataja nyuzijoto 18 za Selsiasi kuwa kiwango cha ndani kinacholinda afya wakati wa baridi. Na jiko la mkaa lisiingie chumbani, hata kwa dakika chache. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haina rangi wala harufu, haipigi hodi.

"Chumba kidogo ni rahisi."

Jumla ya kodi yake ni ndogo, sawa. Ila igawe kwa mita za mraba uone: mara nyingi ndicho ghali kuliko vyote kwenye jengo. Halafu uliza kodi hiyo imebeba nini. Wajerumani hutenganisha kodi "baridi", yaani chumba chenyewe tu, na kodi "ya joto" iliyoongezwa gharama za kupasha joto, maji na huduma za jengo. Umeme na intaneti kwa kawaida havimo hata kwenye hiyo ya pili. Anayesoma tangazo haraka huanza mwezi na deni.

"Mwenye nyumba anaweza kukupangisha hata stoo."

Siyo kila mahali. Ufaransa, chumba kikuu kinatakiwa kiwe na angalau mita 9 za mraba na kimo cha mita 2.2, au ujazo wa mita 20 za ujazo. England, kwenye nyumba za wapangaji wengi zinazohitaji leseni, chumba cha kulala cha mtu mzima mmoja hakiruhusiwi kuwa chini ya mita za mraba 6.51 tangu Oktoba 2018.

"Amana ukishaitoa, isahau."

Amana ni fedha unayomwachia mwenye nyumba kama dhamana, urudishiwe ukihama. Wanaoisahau ndio wanaoikosa. England na Wales zina sheria tangu 2007: kwenye mikataba mingi ya kawaida, amana lazima iwekwe kwenye mfumo maalumu wa ulinzi, na muda wa kufanya hivyo sasa ni siku 30. Ujerumani haizidi kodi baridi ya miezi 3, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa awamu 3. Ukiishi nyumba moja na mwenye nyumba, kinga kama hizi zinaweza kuwa hafifu au zisiwepo, kwa hiyo mkataba usome wewe. Siku ya kwanza, kabla hujafungua begi, piga picha kila kitu: zulia, sinki, hata chini ya godoro.

"Lipia mapema ukiwa bado nyumbani, vyumba vinaisha."

Ni kweli vinaisha, na matapeli wanalijua hilo. Hadithi yao haibadiliki: mwenye chumba yuko safarini, ukilipa atakutumia ufunguo kwa posta. Anza na ofisi ya makazi ya chuo, au chukua malazi ya wiki 2 ukifika, utafute ukiwa papo hapo. Ikishindikana, mwombe mwanafunzi aliye kule aende akupigie simu ya video. Afungulie bomba la maji moto. Awashe hita. Kisha asogeze kabati la ukuta wa nje, aingize pua nyuma yake, anuse.