Mlimani usimpite mzee

Kazi yangu ni tiba ya viungo hapa Mbeya, na wanaonijia na mgongo au magoti siku hizi ni vijana wa miaka ishirini na kitu: wa bodaboda, wa bajaji, wa vibanda vya miamala ya simu. Kutwa kwenye kiti, jioni chipsi mayai. Ukiwauliza kuhusu mazoezi, wengi walianza jimu Januari wakaacha. Hao nawaambia watafute mzee wa mtaani kwao mwenye shamba mlimani, waongozane naye.

Mtazame akipanda kuelekea kilele cha Loleza. Mji wetu uko kwenye mita 1,700 hivi, kilele kile ni mita 2,656, kwa hiyo mteremko hauna mzaha. Mzee anapiga hatua fupi, unyayo mzima chini, jembe begani, na soga haikatiki. Hasimami. Kijana humwacha mbali mwanzoni, halafu unamkuta kainama, mikono magotini, anahema. Ukikurupuka, misuli inadai oksijeni kuliko moyo na mapafu yanavyoweza kuifikisha, ndiyo maana mapaja yanawaka moto. Kipimo ni hiyo soga: ukiweza kuongea ila kuimba kukakushinda, hapo ndipo penyewe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mwendo wa namna hiyo kwa wiki. Mwenye shamba mlimani anazimaliza mapema tu, wala hajui kama zinahesabiwa.

Halafu kuna kigoda. Bibi anayechambua maharage huketi na kuinuka mara kadhaa bila kushika kitu. Mapaja na makalio ndiyo yanayombeba. Hiyo ndiyo skwati mnayoilipia jimu! Vijana wangu, nikiwaambia wakunje mikono kifuani wainuke kitini, wengine hujirusha mbele kwanza.

Sisemi muige kila kitu. Kulima umeinama kutwa, miguu imenyooka, kunaumiza kiuno, na wazee wenyewe watakwambia. Mwenye presha au maumivu ya kifua naye apimwe kabla ya kuanza.

Ukishampata mzee wako, toa shikamoo, mpokee kapu la viazi wakati wa kurudi, maana misuli nayo inadai kazi nzito walau siku mbili kwa wiki. Kisha kaa nyuma yake. Kapu wanalimudu, kinachowashinda wengi ni kutompita.