Lesithini ni nini, na inahusianaje na lile tope la kwenye pipa la mafuta

Mafuta ghafi ya alizeti, soya au pamba yakikaa kwenye pipa siku kadhaa, chini linajikusanya tope zito linalonata, na huku Kanda ya Ziwa wengi wanaliona uchafu tu, linamwagwa au anapewa mtu wa sabuni. Ndani ya hilo tope kuna vumbi la mbegu na mafuta yaliyonasa, ila kile kinachofanya linate ni gamu, na lesithini ndo hiyo gamu ikishatolewa kwa utaratibu na kukaushwa.

Kikemia ni mchanganyiko wa fosfolipidi, yani molekuli ambazo upande mmoja zinapenda mafuta na upande wa pili zinapenda maji, ndo maana zinaweza kuvishikisha vitu viwili ambavyo kawaida vinakataana. Ukisoma pakiti ya biskuti au chokoleti pale Makoroboi, Mwanza mjini, utaikuta imeandikwa E322. Kwenye chokoleti inawekwa kidogo sana, kama asilimia 0.3 hadi 0.5, inatosha kuifanya itiririke vizuri kiwandani, kwenye majarini inapunguza kuruka ruka kikaangoni, na unga wa maziwa unayeyuka haraka. Mfaransa Theodore Gobley aliipata kwenye kiini cha yai miaka ya 1840, lakini ya biashara leo inatoka zaidi kwenye soya, halafu alizeti na kanola.

Sasa inatolewaje. Mafuta yanachujwa kwanza vumbi la mbegu liishe, yanapashwa mpaka nyuzi 60 hadi 80 hivi, unaweka maji kidogo, asilimia 1 mpaka 3, unakoroga, gamu inanyonya maji inavimba inakuwa nzito kuliko mafuta, kisha mashine ya kuzungusha kwa kasi inaitenganisha. Mafuta ghafi ya soya yenye fosfolipidi asilimia 2, tani 1 ina kilo 20 za fosfolipidi, na kwa kuwa gamu inabeba na mafuta yake unaweza kupata karibu kilo 30 za lesithini. Alizeti inatoa chini ya hapo, na iliyokamuliwa bila moto inatoa kidogo zaidi.

Hapa ndo watu wanapoteza mali. Ukimwaga kostiki, ile soda kali ya kupikia sabuni, moja kwa moja kwenye mafuta ghafi, gamu inaondoka pamoja na sabuni na lesithini ndo basi tena, hiyo ni ya wapika sabuni. Kwahiyo maji kwanza, kostiki baadae. Kuna gamu nyingine imeshikana na kalsiamu na magnesiamu, hiyo haivimbi kwa maji, inataka asidi ya fosforiki au ya limau, lakini ya asidi haifai sana kwa lesithini ya chakula.

Kingine ni muda, maana gamu mbichi ina maji mengi na kwa joto letu la Mwanza inachacha haraka sana, inatoa harufu, inaota ukungu. Viwanda vinaikausha palepale kwenye mtambo wa utando mwembamba, hewa ikiwa imenyonywa, mpaka maji yabaki chini ya asilimia 1. Ukijaribu kwenye sufuria juu ya moto inaungua, inageuka nyeusi.

Kwa mkamuaji mdogo mimi nasema wazi, achana na ndoto ya lesithini ya chokoleti, huo mtambo ni ghali. Ila gamu ya alizeti unaweza kuirudisha kwenye mashudu siku hiyohiyo ikiwa ya moto, inaongeza nguvu ya chakula na mashudu hayapeperuki vumbi, na hata wafugaji wa sato wa vizimba wanahitaji fosfolipidi kwenye chakula cha vifaranga. Ya pamba ndo uwe makini kweli, ina gosipoli, sumu ya asili ya mbegu ya pamba, ng'ombe mkubwa anaivumilia kwa kiasi lakini kuku, nguruwe na samaki inawadhuru, kwahiyo usiichanganye na ya alizeti kwenye pipa moja na muuzaji akikuletea gamu bila kukuambia imetoka mbegu gani usiichukue.