Ugumu wa chuma pekee hauzuii mchanga

Imani kwamba vifaa vya kisima cha mafuta vitasalimika na mchanga unaobebwa na mafuta mradi vimeundwa kwa chuma kigumu zaidi imedumu miaka mingi, nayo ina mantiki yake, ila majaribio hayaiungi mkono: vyuma vya kawaida vya mabomba, vilaini kwa vigumu, humomonyoka kwa viwango vinavyokaribiana. Kinachotawala ni kasi. Kwa kuwa mmomonyoko hukua takriban kwa kipeo cha 2 hadi 3 cha kasi, mchanga unaokwenda kasi maradufu huharibu mara 4 hadi 8 zaidi. Pembe nayo ina uzito wake, kwani chembe inayoparuza chuma kwa nyuzi 20 hadi 30 hukwangua zaidi kuliko inayokigonga wima. Tazama kiwiko cha bomba: hutoboka kwenye ukuta wa nje, penye mkunjo, na ndiyo maana mara nyingi hubadilishwa kwa kiungo cha T kilichozibwa upande mmoja, ambamo majimaji yaliyotuama hupokea kishindo cha chembe. Kwenye valvu ya kudhibiti mtiririko, ambako kasi haiepukiki, hutumika kabidi ya tungsteni, yaani mchanganyiko wa tungsteni na kaboni, iliyo ngumu kupita chuma chochote. Hapo, tukubali, ugumu husaidia kweli.