Msitu uliokuwa mikorosho

Mwaka juzi nilikuwa na darasa la maofisa ardhi na misitu, wengi wametoka halmashauri, kwenye mafunzo ya wiki mbili ya GIS, yaani mifumo ya kompyuta ya kutengeneza na kuchambua ramani, na usomaji wa picha za setilaiti. Kazi ya mwisho ilikuwa ramani ya matumizi ya ardhi ya kipande cha Mkuranga, mkoani Pwani. Kundi moja liliniletea ramani safi kweli kweli: rangi zimetulia, mshale wa kaskazini upo, skeli ipo, na usahihi umepita asilimia 90. Tukapanda Coaster kwenda kuiona ardhi yenyewe.

Pale ramani iliposema "msitu wa asili" tulimkuta mzee anapalilia. Tukamwamkia, akatukaribisha. Kijana mmoja akamwonyesha kishikwambi na kumweleza kwamba hapa tuliposimama ni msituni. Mzee akatazama juu, akatazama kishikwambi, akacheka. "Msitu gani, mjukuu wangu? Hii mikorosho aliipanda baba yangu."

Sasa ile asilimia 90 ilitoka wapi? Walichora maumbo juu ya picha ili kuifundisha programu: hapa msitu, hapa shamba, hapa makazi. Kisha nukta za kuhakiki wakazichukua ndani ya maumbo yaleyale. Ni kujitungia mtihani na kujisahihishia mwenyewe. Programu ilifundishwa kwamba mikorosho ni msitu, ikaulizwa swali hilohilo, ikajibu kama ilivyofundishwa. Lawama nyingi ni zangu, maana siku tisa nzima nilifundisha vitufe: bonyeza hapa, fungua pale, hifadhi faili.

Na ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa. Mazoezi tunayorithi yanatumia mashamba ya ngano ya nchi zenye theluji, data imeshasafishwa, kila kitu kinakubali. Mwanafunzi anakariri hatua. Mpe picha za setilaiti ya Sentinel-2 badala ya Landsat 8 uone. Kila setilaiti huugawa mwanga katika mafungu yenye namba, yaani bendi: kwa Landsat 8 kipimo cha ukijani cha NDVI kinatumia bendi ya 5 na ya 4, kwa Sentinel-2 ni ya 8 na ya 4. Aliyekariri namba ataweka 5 na 4 palepale, ramani itatoka, tena yenye rangi nzuri, ila siyo aliyoikusudia. Anayejua kwamba jani bichi hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi ule wa infraredi, usioonekana kwa macho, atauliza kwanza bendi ipi ni ipi.

Kuna na suala la datamu, yaani msingi ambao namba za mahali kwenye ramani hupimwa kutoka kwake, ambalo huwa napewa nusu saa kulifundisha na mimi ningeomba siku mbili. Ramani zetu za zamani za topografia zilichorwa kwa datamu iitwayo Arc 1960. Simu yako inasoma nyingine, WGS 84. Ukichukua namba za kwenye karatasi ya zamani na kuziingiza kwenye simu bila kuzibadilisha, unakosea kwa mita 300 hivi. Siku hizi silielezi kwa slaidi. Nawapa namba za kisima kutoka karatasi ya zamani, nawaambia waende wakachote maji. Wakishasimama katikati ya mihogo ya watu wakitafuta kisima, somo limeingia.

Programu za kulipia nimeziacha kabisa darasani. Mtu anazizoea chuoni kwa leseni ya chuo, anarudi ofisini hana leseni, ujuzi unaota kutu. QGIS, programu ya kutengeneza ramani, ni ya bure na inakubali hata kompyuta iliyochoka. Picha za Landsat ni za bure tangu 2008. Kinachobana ni bando: picha moja ya Sentinel-2 inaweza kukaribia gigabaiti, kwa hiyo napakua mapema na kugawa kwa flashi.

Mfano ninaopenda kuwatajia ni mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia mitaani na wakazi kuchora maeneo yanayofurika, Tandale ikiwemo. Mkazi anajua maji yalifika dirisha gani. Setilaiti haikuwepo mlangoni kwake usiku ule.

Tukirudi Mkuranga, yule mzee ndiye aliyetufungulia fundo. Kundi lilitumia picha ya mwezi wa tano, masika ndiyo kwanza yameisha, kila kitu kijani. "Njooni mwezi wa tisa," alituambia, "huko porini miti mingi imepukutika, mikorosho yangu iko vilevile." Basi tukatafuta picha ya Septemba ya eneo lilelile, tukailaza juu ya ile ya Mei, tukahesabu tofauti ya ukijani. Pori lilishuka, mikorosho ikabaki juu. Safari hii nukta za kuhakiki tulizitembelea kwa miguu, kila mtu na daftari lake. Usahihi ukashuka chini ya ule wa mwanzo, na kundi likanuna. Mimi nikawapa alama nyingi zaidi.

Miembe bado inatushinda. Nayo haipukutiki, na watu wa kule wameichanganya humohumo na mikorosho.