Reale ya Sham si lazima iwe ya 1780

Kila inapoonyeshwa reale ya fedha iliyoachwa na bibi wa mtu, iwe Unguja, Lamu au Maskati, maelezo ni yaleyale: "Imeandikwa 1780, basi ina zaidi ya miaka 240." Nimeyasikia mno, na yanaficha sehemu nzuri kuliko zote ya historia ya kitu chenyewe.

Reale ya Sham ni sarafu kubwa yenye sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, na upande wa pili ina tai mwenye vichwa viwili. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo, na katika hizo zaidi ya 23 ni fedha tupu. Wazee hawakuichanganya na reale ya mzinga, ile ya Kihispania, ambayo nguzo zake mbili zilifananishwa na mizinga.

Maria Theresa alifariki Novemba 1780. Mtawala akifa, kwa kawaida sura yake hutoka kwenye sarafu. Hii haikutoka, kwa sababu wafanyabiashara wa Arabuni, Uhabeshi na bandari za Bahari ya Shamu walikuwa wameizoea, na iliyobadilishwa hata kidogo waliikataa. Walikagua mpaka lulu za pambo lililo begani mwake. Ndipo Vienna ikaendelea kuipiga kwa chapa ileile na tarehe ileile. Mwaka 1935 Mussolini, mtawala wa Italia, akijiandaa kuivamia Uhabeshi, alipata vyuma vya chapa kutoka Austria, reale zikapigwa Roma. Mwaka uliofuata Waingereza wakaanza kuzipiga London, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili zikapigwa hata Bombay. Zote zimeandikwa 1780. Na hapa kuna kosa la pili, la wale wanaoziita hizi za baadaye bandia. Si bandia hata kidogo: fedha ni ileile, uzito ni uleule. Bandia ni ile iliyotiwa madini duni.

Uzito huo usiobadilika ndio ulioipa reale kazi ambazo hazikuhusu kununua wala kuuza. Unguja ya karne ya 19, wakia moja ilikuwa uzito wa reale moja, na wakia 16 zilifanya ratli. Yaani sarafu yenyewe ilikuwa jiwe la mizani. Uhabeshi nako wakia ya kupimia dhahabu ilikaribiana na uzito huohuo.

Sonara naye aliiona kama malighafi iliyokwisha kupimwa. Oman, kwa mafundi wa Nizwa na kwingineko, sehemu kubwa ya fedha ya mapambo ilitoka kwenye reale hizi. Zilitiwa kalibuni, zikatoka vikuku, mitali na vikasha vya hirizi. Nyingine ziliachwa nzima, zikatiwa kitanzi na kuning'inizwa katikati ya kidani. Pambo la namna hiyo lilikuwa mali ya mwanamke mwenyewe, akiba anayoivaa, na siku ya shida aliweza kuliuza kwa uzito wake.

Kwa hiyo naumia ninapomsikia mtu akiiangalia reale iliyotobolewa na kusema imeharibiwa. Mkusanyaji wa sarafu atapunguza bei, hilo ni kweli. Lakini lile tundu ni ushahidi kwamba kuna aliyeitoa sokoni kwa makusudi akaipa kazi nyingine, na reale isiyo na alama yoyote haiwezi kukueleza hivyo.

Basi ukiirithi, iite reale yenye tarehe ya 1780. Kama unataka kujua ilipigwa lini hasa, mpelekee anayezijua azikague lulu za lile pambo na manyoya ya mkia wa tai, maana kila kiwanda kiliacha tofauti zake ndogo humo.