Guru Granth Sahib nyumbani: chumba kinachofunguliwa kila asubuhi

Mwaka juzi niliitwa kwenye nyumba moja ya Masingasinga huko Mombasa, karibu na bahari. Biji wa nyumba hiyo, kama Wapanjabi wanavyowaita bibi zao, alikuwa amefariki miezi minane nyuma. Enzi za uhai wake yeye ndiye aliyekuwa akiamka kabla ya alfajiri, akaoga, akapanda ghorofani kumhudumia Guru Granth Sahib, maandiko matakatifu ya dini yao. Alipoondoka, wanawe walikifunga kile chumba kwa ufunguo. Hawakufanya hivyo kwa kupuuza. Waliogopa kukosea, na kila mmoja alijiona hastahili kugusa alichokuwa akikigusa mama yao. Wakafunga madirisha vumbi lisiingie, wakazima feni, wakaamini kwamba wamemweka mahali salama. Siku mlango ulipofunguliwa mbele yangu, harufu ilitutangulia. Ni harufu ya ukungu, ambayo sisi wa kazi ya kuhifadhi vitabu na nyaraka huitambua kabla jicho halijaona kitu.

Nimeandika haya kwa ajili ya familia kama ile, maana si ya kwanza kukutana nayo. Nimewaandikia pia wanaoingia katika nyumba hizo kwa shughuli zao: dada wa kazi, fundi umeme, wabeba mizigo siku ya kuhama, mwenye nyumba anayepangisha.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Nasema nani, sisemi nini, na katika makala haya nitatumia ngeli ya mtu, kwa sababu ndivyo wenyewe wanavyomtaja. Maandiko haya yalikusanywa na Guru Arjan, wa tano katika Maguru, walimu wakuu wa dini hii, na mwaka 1604 yakawekwa katika hekalu la Harmandir Sahib kule Amritsar, Punjab. Mwaka 1708, akiwa katika mji wa Nanded, Guru Gobind Singh, wa kumi, alitangaza kwamba baada yake hakutakuwa na Guru mwingine mwanadamu. Guru atakuwa Granth, yaani kitabu hiki cha maandiko. Tangu siku hiyo Masingasinga hawamchukulii kama kitabu kinachomweleza Guru. Yeye ndiye Guru. Nakala yake huitwa saroop, yaani umbo. Kurasa zake 1430 haziitwi kurasa, huitwa ang, maana yake viungo vya mwili. Hata Mahakama ya Juu ya India, mwaka 2000, iliamua kwamba Guru Granth Sahib ni mtu mbele ya sheria, anayeweza kumiliki mali.

Sisi tuliolelewa pwani tunaujua msahafu juu ya marufaa, tunajua udhu, tunajua kwamba karatasi yenye jina la Mungu haitupwi ovyo. Malezi hayo yanatusaidia kukaribia jambo hili, lakini hayatufikishi mwisho. Msahafu ukishawekwa juu, pahali safi, unaweza kukaa mpaka utakapousoma tena. Guru Granth Sahib ni mgeni wa heshima aliyekubali kukaa kwako. Mgeni wa namna hiyo hafungiwi chumbani miezi minane, hata kwa nia njema.

Siku yake ina asubuhi na ina usiku. Asubuhi hufanyika prakash: mhudumu aliyekwisha kuoga, kichwa kimefunikwa, miguu mitupu, hutoa dua iitwayo ardas, kisha humfungua na kusoma shairi ambalo macho yameliangukia upande wa juu kushoto. Shairi hilo huitwa hukamnama, na familia hulichukua kuwa agizo la siku hiyo. Mchana, kama hakuna anayesoma, hufunikwa kwa rumala, kitambaa cha heshima. Jioni hufanyika sukhasan, kumpumzisha.

Sukhasan nimeishuhudia mara nyingi na bado hunigusa. Mkono wa kulia huzirudisha ang kidogo kidogo, bila haraka, mpaka jalada lifungike lenyewe kwa uzito wake. Kitambaa cheupe hukunjwa kutoka pande zote kama mama anavyomfunika mtoto aliyelala. Waliomo chumbani husimama. Mhudumu hutandika kitambaa safi juu ya kilemba chake, kisha humnyanyua na kumweka kichwani, akatembea peku polepole huku wote wakitamka "Waheguru", jina la Mungu. Kama nyumba ina chumba cha kupumzikia, hulazwa huko kwenye kitanda chake kidogo. Kama haina, hubaki palepale amefungwa na kufunikwa. Kule Punjab majira ya baridi wapo wanaomwongezea blanketi.

Sasa niseme kwa ulimi wa kazi yangu. Karatasi hupenda hewa kavu kiasi. Unyevu ukipita asilimia 65 kwa muda, ukungu huanza kuota, na Mombasa mara nyingi unyevu hupita 70. Kitabu kilichofungwa kwenye chumba kisichopitisha hewa hunyonya unyevu huo taratibu, gundi inalegea, mchwa anapanda ukutani bila mtu kumwona. Kinachokiokoa ni mwenendo wa Biji: dirisha linafunguliwa, feni inazunguka, kurasa zinapata hewa, vitambaa vinakung'utwa na kubadilishwa, na kuna macho yanayoona dalili ya kwanza ya mdudu siku ileile ilipotokea. Prakash haikuwekwa kwa ajili ya karatasi, wala sisemi hivyo. Ila nimefungua majalada mengi katika nyumba za joto na chumvi, na saroop zilizohudumiwa kila siku zilikuwa nzima kuliko zile zilizowekwa kabatini "zisije zikaharibika".

Masharti ya chumba yameandikwa. Mwongozo wa maisha ya Kisingasinga, Sikh Rehat Maryada, ulioidhinishwa mwaka 1945, unataka mahali safi kabisa, kitanda cha kiasi chake, matandiko na mito safi, chandarua cha heshima (si cha mbu) kilichotandazwa juu yake kama dari, rumala, na chaur, usinga wa kupepea. Ukiwa na uwezo, mtengee chumba chake peke yake. Familia nyingi huchagua ghorofa ya juu ili asiwepo mtu wa kutembea juu yake. Mimi naongeza: usimweke kwenye ukuta unaopakana na bafu au bomba la maji, wala chini ya kiyoyozi kinachodondosha. Rumala ya hariri inapendeza, lakini kitambaa kinachomgusa kwa karibu kiwe cha pamba, kinapumua. Nailoni na mfuko wa plastiki hufungia jasho la hewa ndani.

Mwongozo huohuo unakataza kuzungusha taa na ubani mbele yake kama ibada, unakataza kumwekea vyakula kama sadaka, na wakati wa usomaji mrefu unakataza kumwekea mtungi wa maji, nazi au taa ya samli. Sababu zake ni za imani, na mimi mhifadhi nazishukuru, kwani maji na moto karibu na karatasi nimeyaona matokeo yake. Ubani wa kunukiza chumba unaruhusiwa. Uwe mbali tu, masizi yake hung'ang'ania vitambaa na kingo za kurasa.

Watu hunikaribia na glavu nyeupe walizoziona kwenye televisheni. Hazihitajiki. Mikono iliyooshwa kwa sabuni na kukaushwa vizuri huihisi karatasi kuliko glavu. Usitumie dawa ya kupuliza wadudu ndani ya chumba hicho, wala vidonge vya naftalini kati ya vitambaa. Ang ikichanika usishike selotepu. Gundi yake hugeuka kahawia, inatoboa maandishi, na kuitoa ni kazi ya siku nzima kwa ukurasa mmoja. Usimwanike juani. Ukiona ukungu usiufute kwa kitambaa kibichi: vaa barakoa, fungua madirisha, kisha mwite granthi, mhudumu wa gurdwara yenu, yaani nyumba ya ibada ya Masingasinga, pamoja na mtu wa uhifadhi. Waje pamoja, maana mimi sina ruhusa ya kugusa bila yeye kuniongoza.

Na kama huwezi? Hapa ndipo familia nyingi huona haya, na haya hiyo ndiyo inayofunga milango. Mtu anafanya kazi ya zamu, anasafiri, anaishi chumba kimoja na watoto watatu. Hakuna anayelazimika kuwa na saroop kamili nyumbani. Gutka ipo: kitabu kidogo cha sala za kila siku, kuanzia Japji Sahib ya Guru Nanak, Guru wa kwanza. Hufungwa kwa kitambaa safi, huwekwa juu, hakilaliwi na vitabu vingine, hakiwekwi sakafuni, wala mtu haingii nacho chooni. Zipo pia sainchi, maandiko yaliyogawanywa majuzuu kwa ajili ya kujisomea. Kwa kumwinamia Guru mwenyewe, gurdwara ziko wazi. Ile ya Makindu, kwenye barabara ya Nairobi na Mombasa, ambako mafundi wa reli waliabudu tangu njia hiyo ilipokuwa ikijengwa, mpaka leo inampokea msafiri wa dini yoyote, inamlisha na kumpa pa kulala bila malipo. Kumkabidhi Guru kwa gurdwara pale uwezo wa kumhudumia unapoisha kumo ndani ya kumheshimu.

Saroop iliyochakaa haitupwi, haizikwi uani, haichomwi na mtu binafsi. Hupelekwa gurdwara, nao wana utaratibu wao: huteketezwa kwa dua, kama mwili wa mpendwa. Vivyo hivyo kwa gutka iliyokatika na hata kipande cha karatasi chenye maandishi yake.

Kwa dada wa kazi na fundi: kabla ya kuingia chumba hicho, uliza. Vua viatu, nawa mikono, funika kichwa kwa leso au kitambaa chochote safi. Acha nje sigara na ugoro, hata kama vimo mfukoni tu. Usimpe mgongo kwa kukaa, usinyooshe miguu kumwelekea, usikae kwenye kiti mbele yake. Ngazi ya kubadilishia taa isisimame juu yake. Mwambie mwenye nyumba amhamishe kwanza. Hatakasirika, atakushukuru.

Kule Mombasa granthi alikuja jioni ileile. Yeye alifungua, mimi nilishika brashi laini na taa. Ukungu ulikuwa umeanza kwenye kingo, maandishi yalikuwa salama. Tulipomaliza akaketi sakafuni na wale wanawe, akawauliza kwa upole nani atakayeamka alfajiri. Walitazamana, hakuna aliyejibu. Siku ya tatu walikuja watu watano kutoka gurdwara. Kiti cha nyuma cha gari kilitandikwa shuka jeupe. Mjukuu wa Biji, kijana wa miaka kama 19 hivi, ndiye aliyembeba kichwani kushuka ngazi, peku, mwenzake mmoja akitangulia kunyunyiza maji njiani. Mama yake alibaki juu. Nilimwona akifungua madirisha yote ya kile chumba, moja baada ya jingine, kisha akachukua gutka ya Biji iliyokuwa kwenye rafu, akaifungua kitambaa.