Eti meno ya utoto si yatang'oka tu?
Kila Idd hapa Dar lazima umsikie mtu, mwache mtoto ale pipi bwana, hayo meno si yatang'oka tu. Yatang'oka ndiyo, ila magego ya utoto yanakaa mpaka miaka 10 hadi 12, na likioza linauma vilevile, usaha ukishuka chini unaweza kuharibu la ukubwani linaloota. Alafu gego la kwanza la ukubwani linatoka kwenye miaka 6 huko nyuma kabisa, wengi wanadhani nalo la utoto. Na wingi wa pipi sio ishu sana kama kumumunya ubuyu toka asubuhi mpaka jioni, ulimi mwekunduuu, bakteria wanatengeneza asidi muda wote. Bora azile kwa mkupuo baada ya pilau, anywe maji, usiku mswaki na dawa yenye floraidi.